MITEGO YA NGURUWE WA PORI: LINDA SHAMBA, LINDA NA MGUU WAKO

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba, ukurasa huu unazoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi na vumbi. Leo tunatoka kiwandani, twende mpaka shambani. Jamaa nyingi hapa kwetu Katanga zinalima mihindi, muhogo na kalanga kando ya mji, na mihindi ikianza kukomaa mgeni wa usiku anafika: nguruwe wa pori. Kwa usiku mmoja kundi lake linaweza kuharibu kazi ya miezi. Basi bwana akipata siku ya kupumzika anachukua waya, anaingia pori kutega. Hatumcheki. Sahani tupu si jambo la kucheka. Lakini mtego una mambo yake, na mengi yanaishia kwetu, kwenye meza ya kufungia vidonda.

Kwanza umjue mnyama. Pori letu lina namna mbili. Ngiri, yule mwenye meno marefu yaliyopinda nje na vinundu usoni, anatembea mchana, na usiku analala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Anaingia kinyumenyume, ndiyo kusema kichwa na meno vinabaki vinaangalia mlango. Anayechungulia humo anajitafutia. Nguruwe wa pori mwenyewe ana manyoya marefu, meno yake hayaonekani sana, anatembea usiku pamoja na jamaa yake, na mchana anajificha katika majani mazito kando ya mito. Aliye mkubwa anaweza kupita kilo 80. Huyu ndiye mwizi wa muhogo, na huyu ndiye anayepasua watu. Meno yake ya chini yanajinoa kwa yale ya juu kila mara anapofunga kinywa. Hahitaji jiwe la kunolea.

Kitanzi cha waya wa breki ya kinga hakiui mara moja. Kinakamata mguu au shingo, mnyama anavuta usiku kucha. Asubuhi unafika, unamwona amelala kimya, unafikiri amekwisha kufa. Unakaribia na panga. Sasa waya ambao umevutwa na kukunjwa tangu jana unakatika kwa ruko moja la mwisho, naye anakuja juu yako. Anapiga kwa kichwa kutoka chini kwenda juu, na kimo chake kinalingana na paja la mtu. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu. Ukipasuka, dakika chache zinatosha mtu kufa. Kwa hiyo usiende kuangalia mtego peke yako hata siku moja. Simama mbali, karibu na mti unaoweza kupanda, mrushie fimbo, ngoja. Ikiwa ni jike, tazama vichaka vya pembeni, kwa sababu wenzake wanaweza kuwa karibu na watoto wao. Kummaliza ni kazi ya mkuki mrefu, si ya panga.

Kipande cha kabo cha kiwandani ukiache kiwandani. Sisemi hivyo kwa ajili ya mlinzi wa getini tu: nyuzi za chuma zilizokatika zinachoma vidole, na vidole hivyo tunavijua.

Shimo ndilo baya kuliko kitanzi. Linafunikwa na majani lisionekane, na hiyo ndiyo shida yake. Wakati wa mvua, wamama na watoto wanaingia pori kuokota uyoga. Shimo halimjui nguruwe wala mtoto wa jirani. Kama umelichimba, rudi ulifukie. Na vitanzi vyako uvihesabu: uliweka ngapi, umeondoa ngapi. Kimoja ulichokisahau kitaendelea kukamata mbwa, mbuzi, na mguu wa mtu anayepita gizani.

Tuseme ajali imefika. Damu ikitoka kwa nguvu, chukua kitambaa safi, ukandamize juu ya kidonda kwa mkono wote, usiachilie ili kuchungulia, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, awe amelala. Kidonda kisichotoka damu nyingi kioshwe kwa maji safi na sabuni, kwa muda mrefu, mpaka udongo utoke. Majivu, mavi ya ng'ombe, unga wa betri, mafuta ya gari: hakuna hata kimoja kinachofaa. Kisha njoo dispensere siku hiyohiyo, hata kama unaona ni kitundu kidogo. Jino la nguruwe linaingia ndani sana na kuacha uchafu chini, halafu ngozi ya juu inajifunga vizuri kana kwamba mambo yamekwisha.

Hapo ndipo tetanosi inapopata nafasi, ule ugonjwa ambao wengine wanauita pepopunda. Mdudu wake anakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na anapenda kidonda kisichopata hewa. Mara nyingi unatokea kati ya siku 3 na 21: taya linakaza, mgonjwa hawezi kufungua kinywa, shingo na mgongo vinavutwa kama upinde, na akili yake inabaki timamu muda wote, anasikia kila kitu. Hata hospitali kubwa inapoteza wagonjwa wa namna hiyo. Lakini sindano ya kuuzuia ipo. Mama huenda aliipata alipokuwa mja mzito, watoto wanaipata wakiwa wadogo. Wewe bwana, unayeshika waya na panga, ya mwisho uliipata lini? Kama hukumbuki, usingoje nguruwe akukumbushe. Mtu mzima ambaye hajapata kamwe anapigwa ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6, na nyingine zinafuata baadaye ili kinga idumu.

Sasa nyama. Mama, sehemu hii ni yako zaidi, kwa kuwa wewe ndiwe unayeshika chungu. Ndani ya nyama ya nguruwe wa pori na ya ngiri kunaweza kukaa vidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Waganga wanaviita trikina. Anayekula nyama yenye vidudu hivyo bila kuiva anaanza kwa tumbo kuuma na kuhara. Baada ya wiki moja au mbili kinakuja kitu cha ajabu: macho yanavimba pande zote, homa inapanda, nyama za mwili zinauma kama za mtu aliyepigwa. Mwaka wa 1961 waganga waliandika juu ya vijana wa Kenya waliougua hivyo baada ya kula nyama ya nguruwe wa pori. Moshi hauui vidudu hivi kwa hakika, wala chumvi, wala jua. Nyama iliyokaushwa juu ya makala ni tamu, nakubali, lakini ichemshe tena mpaka ndani kusibaki wekundu wowote, ndipo uisogeze karibu na bukari. Mnyama uliyemkuta amekwisha kufa porini, mwache hukohuko.

Jambo jingine ni la wale wanaofuga nguruwe katika lupango, nao ni wengi, maana nguruwe 2 au 3 ndio karo ya shule. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka wa 1921. Ngiri na nguruwe wa pori wanaibeba bila kuugua. Nguruwe wa nyumbani akiipata, mara nyingi anakufa kwa siku chache, na hakuna dawa ya kumponya. Haishiki watu. Ila inakaa katika nyama, hata iliyokaushwa, kwa miezi. Unapotupa utumbo, ngozi au maji ya kuoshea nyama ya pori karibu na kibanda chako, huenda unaleta kifo kwa karo ya watoto, na kwa banda la jirani pia. Vyote hivyo vizikwe mbali na kwa kina. Badilisha viatu na nguo, nawa mikono, ndipo ukalishe nguruwe wako.

Mwisho ni ruhusa. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inadai kibali, na ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda. Kwa shamba lenyewe, wenye mashamba yanayopakana wanaweza kufunga uzio wa miiba na miti pamoja na kupokezana zamu ya usiku wakati mihindi inapokomaa, wakiwa na moto na kelele. Anayetoka kazini usiku asipewe zamu hiyo. Anahitaji kulala.