Kurudia daftari kunavyotudanganya

Ukisoma daftari mara ya nne unajiona umeiva kwa mtihani, sivyo? Mara nyingi macho yamezoea maandishi tu. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari mbili: moja waliisoma tena, nyingine waliandika walichokumbuka bila kuitazama, wala hawakusahihishiwa. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka asilimia 81 ya ile waliyoirudia, na 75 ya nyingine. Waliopimwa baada ya wiki? Ya kurudia 42, ya kujikumbusha 56. Kule kuhangaika kulikumbuka jambo ndiko kunakolikaza kichwani. Kwa hiyo mwalimu, anza kipindi kwa kuuliza la wiki jana, na maksi usiweke. Mtoto anayeogopa maksi atachungulia kwa jirani, na hapo hajakumbuka kitu.