Biri ya Bei Nafuu Ipimwe kwa Mvuto Kabla ya Ladha

Muuzaji wa biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, kwa kawaida huanza kwa kukuonyesha jani la nje. Ataigeuzageuza uone lilivyonyooka, lisivyo na mishipa minene wala madoa, na rangi yake ilivyo moja kuanzia kichwani, upande wa mdomo, hadi mguuni, upande unaowashwa. Jani hilo lina thamani yake, maana katika biri nzima hakuna jani ghali kulizidi. Lakini mnunuzi anayebana matumizi ajue kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya biri ya dola 7 na ya dola 25 iko hapo kwenye sura, na kwenye miaka ambayo majani yamelala ghalani, na kwenye sanduku na utepe wa karatasi unaoizunguka biri. Usokotaji wenyewe hautofautiani kiasi hicho. Huko Estelí, kaskazini mwa Nicaragua, kiwanda kimoja huweza kusokota biri za bei zote mbili chini ya paa moja.

Estelí imepata jina kwa sababu ya siasa. Rais John F. Kennedy alipofunga biashara kati ya Marekani na Kuba mwezi Februari 1962, biri za Havana zilitoweka kwenye soko la Marekani, na familia za wakulima na wasokotaji zilizokuwa zimeikimbia Kuba baada ya mapinduzi ya 1959 zikaanza kutafuta udongo mwingine. Wapo waliokwenda Jamhuri ya Dominika, wapo waliokwenda Honduras, na wapo waliokwenda Nicaragua. Mmoja wa waliokimbia, José Orlando Padrón, alianza kusokota biri Miami mwaka 1964, na mwaka 1970 akahamishia usokotaji Nicaragua. Leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza kuiuzia Marekani biri zilizosokotwa kwa mkono. Wingi wa viwanda na mafundi mahali pamoja ndio unaowezesha bei kushuka bila kazi kuharibika.

Biri ina sehemu tatu. Ndani kabisa kuna majani marefu yaliyokunjwa, yanayokwenda urefu wote. Hayo hushikwa na jani la kufungia, gumu na lisilo na uzuri wowote, ambalo kazi yake ni kutunza umbo na kusaidia moto. Juu yake ndipo huvikwa jani la nje. Majani ya ndani huchanganywa kwa makusudi. Ya chini ya mmea, yanayoitwa volado, ni mepesi na huwaka upesi. Ya kati, seco, ndiyo yenye harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa na jua kuliko mengine, kwa hiyo ni mazito, yana mafuta na nguvu, na huungua polepole. Fundi huliweka ligero katikati hasa. Likikaa pembeni, moto utaukimbia upande ule na kuendelea na mwingine, na mvutaji atabaki kukilaumu kiberiti chake.

Viwandani Estelí watu hufanya kazi wawili wawili. Mmoja hukunja majani ya ndani na kuyafunga. Mwenzake huvika jani la nje na kumalizia kichwa kwa kipande kidogo cha jani na gundi ya mmea isiyo na ladha. Kati ya kazi hizo mbili, mafungu hulazwa kwenye kalibu na kubanwa mpaka yashike umbo. Naomba msomaji amtazame yule wa kwanza, maana yeye ndiye hutajwa kidogo na ndiye anayeamua karibu kila kitu. Fundi mzuri hukunja kila jani peke yake liwe bomba jembamba, halafu huyakusanya mabomba hayo mkononi, na hewa hupata njia kati yake. Mwenye haraka hulaza majani yote pamoja na kuyakunja mara moja. Kwa macho huwezi kutofautisha. Utajua ukivuta.

Aliyekulia Tabora au Urambo asidhani kwamba tumbaku ya mvuke anayoijua ndiyo hii. Ile hukaushwa kwenye mabani kwa joto, kwa siku chache, na sukari ya jani hubaki. Moshi wake una asidi, na ndio unaovutwa hadi mapafuni katika sigara za kawaida. Tumbaku ya biri huning'inizwa kwenye mabanda yenye hewa kwa wiki kadhaa hadi iwe kahawia, kisha hurundikwa kwenye marundo makubwa ambamo joto hupanda lenyewe kwa kuchachuka. Kila joto linapokaribia kikomo, rundo hupanguliwa na kupangwa upya, huku amonia ikitoka. Kufikia hapo sukari imekwisha karibu yote, moshi umekuwa wa alikali, na nikotini hupenya kwenye utando wa mdomo. Ndiyo sababu biri haivutwi kifuani, na anayejaribu hukohoa papo hapo.

Nitachukua mfano mmoja, Oliva Serie G ya kipimo cha robusto. Urefu wake ni inchi 4 na nusu, na unene wake ni 50. Unene wa biri huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 50 ni karibu milimita 20. Imebanwa hadi ikawa na pande nne. Tumbaku ya ndani ni ya Nicaragua, lakini jani la nje ni la Kameruni. Jani hilo, linalolimwa Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ni jembamba na lina vipele vidogo unavyovihisi ukipitisha kidole. Hupasuka kwa urahisi na hutaka mkono mtulivu. Kuliona limevikwa vizuri kwenye biri ya bei ya chini, bila mpasuko wala kiraka, kwangu ni ushahidi wa ufundi kuliko jani lolote la rangi ya kung'aa. Nafurahi pia kwamba jani la Afrika limepewa heshima hiyo, japo sandukuni jina lake huandikwa kwa herufi ndogo.

Kabla ya kuiwasha, ipapase taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka mguuni kwenda kichwani. Iwe na ukinzani ulio sawa. Pahali palipolegea, majani yamepungua na moto utakwenda mbio. Penye uvimbe mgumu, kuna mshipa au fundo, na hewa itakwama. Nusa mguu wake. Harufu ya banda safi la ng'ombe, ya mbao au ya kakao ni ya kawaida, lakini harufu kali ya amonia ina maana kwamba majani hayakuchachuka vya kutosha. Kata kofia ya kichwa tu, juu ya pale kichwa kinapoanza kunyooka, kwa kikatio chenye makali; ukiingia ndani zaidi, jani la nje litafumuka. Kisha vuta bila moto. Mvuto mzuri una ukinzani kidogo. Shavu likizama kwa kuvuta, biri imeziba, na wala usisubiri moto uirekebishe.

Washa kwa njiti au kiberiti cha gesi. Kile cha petroli huacha harufu. Uuweke mguu juu ya ncha ya ndimi bila kuugusa, uzungushe biri mpaka duara lote liwe jekundu, ndipo uvute. Baada ya hapo vuta mara moja hivi kwa dakika. Anayevuta mfululizo huikaanga biri, nayo hujibu kwa uchungu ambao kosa lake si la tumbaku.

Wavutaji huigawa biri mafungu matatu, na mgawo huo una maana, kwa sababu moshi hupita kwenye majani ambayo bado hayajaungua na kuyaachia mafuta na unyevu, hivyo sehemu ya mwisho huwa na nguvu zaidi. Serie G ilinipa korosho za kukaanga na mbao kavu mwanzoni, kahawa katikati, na pilipili manga ilipokaribia utepe. Mwingine atataja mdalasini au ngozi. Maneno hayo yanasaidia iwapo tu mtu ameyapata kwa pua yake mwenyewe. Moshi ukiwa bado mdomoni, toa kiasi kidogo kupitia puani bila kuushusha kifuani, kwa kuwa ulimi hutambua mambo machache tu, utamu, uchungu, chumvi na mengine ya aina hiyo. Hayo ya korosho na kahawa hutambuliwa na pua. Wenye kuandika orodha za ladha kumi na mbili kwa biri moja huwa siwaamini.

Dosari inapojitokeza, tafuta chanzo chake kabla ya kuhukumu. Biri ikiungua upande mmoja, huenda iliwashwa vibaya au ilikaa kwenye upepo. Ikirekebishwa kwa moto kidogo na tatizo lisirudi, fundi hana hatia. Likirudi mara mbili tatu upande uleule, jani liliwekwa vibaya. Moto ukichimba katikati na kuliacha jani la nje likiwa zima, mara nyingi ni unyevu. Na kwa unyevu, sisi wa pwani tuna kazi kubwa. Biri hutunzwa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Ukiiacha wazi Mombasa, Tanga au Unguja, itavimba, itaota ukungu, na jani la nje litapasuka ikiwashwa. Hatari nyingine ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake huanguliwa joto likizidi nyuzi 24 hivi. Tundu dogo la mviringo kwenye jani la nje ndiyo alama yake. Chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, chenye pakiti ya kudhibiti unyevu, kikiwekwa kwenye chumba cha ubaridi, kinatosha kabisa. Sanduku la mbao la bei kubwa si lazima. Dodoma shida hugeuka: biri hukauka, huungua upesi na kuwa kali.

Lazima niseme pia kwamba kutovuta kifuani hakuifanyi biri kuwa salama. Husababisha saratani ya mdomo, koo na umio, na nikotini yake hujenga uraibu. Sheria ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007 zinakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18; nchini Uganda, kwa sheria ya 2015, umri huo ni 21.

Kuhusu alama, jarida la Marekani la Cigar Aficionado, lililoanza 1992, huzivua biri utepe kabla ya kuwapa waonjaji wake, nao hutoa alama kwa 100. Kuvua utepe ni desturi nzuri na inawezekana nyumbani: mwombe mwenzako akukabidhi mbili bila kukuambia ipi ni ya bei gani. Katika alama zangu, nusu nzima huenda kwenye mvuto na uunguaji, robo kwenye ladha, na robo kwenye kufanana kati ya biri moja na nyingine ya sanduku lilelile. Hiyo robo ya mwisho ndiyo inayozikwamisha nyingi za bei ya chini. Moja itakupendeza, ya pili itaziba.

Kwa hiyo usinunue sanduku, nunua tatu. Mbili zivute siku tofauti. Ya tatu ipasue kwa wembe, kutoka kichwani hadi mguuni, uifungue juu ya gazeti. Ukikuta majani marefu yanayokwenda mwisho hadi mwisho, umeuziwa ulichoahidiwa. Ukikuta vipande vilivyokatwakatwa vimefichwa ndani ya majani machache marefu, hiyo ni biri ya mchanganyiko. Inaweza kuvutika vizuri tu, ila bei yake inapaswa kuwa nusu ya ile uliyolipa.