Maji ya Mkondoa yanapopokelewa na bahari: safari ya familia kutoka Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi ulio ndani yake, haina pwani. Kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 200, na wengi wa watoto wetu huijua bahari kwa picha za vitabuni na kwa papa na ng'onda wa sokoni. Hata hivyo, kila uchao wilaya yetu huipelekea bahari kitu ambacho haiwezi kukikosa, nacho ni maji.

Mto Mkondoa hushuka baina ya milima ya Rubeho na Ukaguru, hupita kando ya mji wa Kilosa na kutawanyika katika uwanda wa Mkata. Mto Mkata nao hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ukielekea kaskazini. Mito hii, pamoja na mingine inayoungana nayo, ndiyo hufanya Mto Wami. Wami hupita Dakawa, huikata barabara ya Chalinze na Segera chini ya daraja lenye jina lake, kisha huingia baharini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo. Kwa hiyo, mzazi wa Kilosa anayempeleka mwanawe kwenye mdomo wa Wami hampeleki ugenini. Anamwonesha mwisho wa mto ambao mwanzo wake anaujua.

Katika Surat al-Furqan, aya ya 53, Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa ni Yeye aliyezikutanisha bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi, na akaweka kizuizi baina yake. Mdomo wa mto ni mahali pazuri pa kuitafakari aya hiyo kwa macho. Maji matamu ya mto ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo huelea juu na kuelekea baharini, ilhali maji ya bahari hupenya chini yake kuelekea bara. Bahari inapojaa, chumvi hupanda mtoni. Inapokupwa, mto hupata nafasi na kuisukuma nyuma. Mvutano huu hutokea mara mbili kwa siku, na viumbe wa mahali hapo wameumbwa kuishi nao.

Hapa ndipo familia ya Kiislamu inapokuwa na faida ambayo pengine haijaitambua. Anayefuata kalenda ya Hijria tayari ana kalenda ya maji ya bahari nyumbani kwake. Qur'ani, katika Surat al-Baqara aya ya 189, imeitaja miezi miandamo kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija, na wavuvi wetu wa pwani wameutumia mwezi huohuo kupima bahari kwa karne nyingi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Kwa makadirio, ni tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Hijria. Mnamo tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kukupwa ni ndogo. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu mzima.

Kanuni nyingine ni ya saa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kama mwezi unavyochelewa kuchomoza. Siku za bamvua, katika pwani ya Bagamoyo na jirani zake, maji hukupwa kabisa mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 alasiri. Mtoto mwenye umri wa miaka kumi anaweza kufundishwa hesabu hii kwa jioni moja, akiwa na kalenda ukutani na mwezi mbinguni.

Kwa familia inayotaka kusafiri, zipo sehemu mbili tunazozipendekeza. Ya kwanza ni mdomo wenyewe wa Wami, ndani ya Saadani. Huko si mahali pa kutembea kwa miguu kandokando ya maji, kwani viboko na mamba ni wengi. Njia ya salama ni boti pamoja na mwongozaji wa hifadhi. Kutoka kwenye boti mtaona mabadiliko yakitokea hatua kwa hatua: miti ya bara hupungua, mikoko huanza, na ndege wa mtoni hubadilishana nafasi na ndege wa pwani.

Ya pili ni Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kutoka Kilosa mnaweza kupitia Dumila, Morogoro, Chalinze na Msata. Kutoka Mikumi barabara kuu huwafikisha Morogoro moja kwa moja. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na mbele yake kuna hori lililozungukwa na mikoko. Inaelezwa kuwa bandari ya Kaole ilififia kadiri tope na mikoko vilivyoziba njia ya vyombo, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Tuwatolee salamu waliotangulia, tusikanyage makaburi yao, kisha twende ufukweni.

Maji yakiwa yamekupwa, watoto waachwe watazame kwa utulivu. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi midogo iliyochomoza juu ya tope kama penseli, ambayo kwayo mti hupata hewa. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa huinua gando hilo kama mtu anayepunga mkono, na hukimbilia mashimoni kivuli kinapowapitia. Wapo pia samaki wadogo wenye macho ya juu, wanaoruka juu ya tope kwa mapezi yao. Baina ya mizizi hiyo kamba wachanga hujificha wakikua, kabla ya kutoka baharini. Mvuvi anayevua kamba baharini, kwa hakika, huvuna kilicholelewa na mikoko.

Tahadhari ni chache lakini ni za lazima. Muulizeni mwenyeji kabla ya kuingia kwenye tope. Vaeni viatu vilivyofungwa vizuri, kwani magamba ya chaza hukata. Mtoto asiachwe peke yake hata kwa dakika moja, wala asivuke mfereji wa maji unaoonekana mdogo, kwa kuwa bahari inaporudi mfereji hujaa kwanza, na aliye upande wa pili hujikuta amezingirwa. Siku za bamvua, kila mtu awe ameshatoka kwenye tope kabla ya adhana ya adhuhuri. Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha. Ama udhu, maji ya bahari yanafaa: Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwayo alijibu kuwa maji yake ni tohara na maiti wake ni halali.

Sasa turudi Kilosa, kwa sababu safari hii isipotubadilisha tunakoishi itakuwa matembezi tu. Mikoko ya Wami huhitaji maji matamu yafike kwa kiasi chake na tope kwa kiasi chake. Tunapokata miti kwenye miteremko na kulima hadi ukingoni mwa Mkondoa, udongo huondoka na mvua. Sehemu yake hubaki njiani na kuinua kitanda cha mto. Nyingine huendelea hadi baharini. Wa kwanza kuumia ni sisi wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaacha familia nyingi bila makazi na kuharibu Reli ya Kati. Na kiangazi tunapoyachukua maji yote kwa umwagiliaji bila kujali walio chini, chumvi ya bahari hupanda mtoni zaidi, na anayeteka maji huko huyakuta yameharibika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Muumini hahitaji kuogopa faini ndipo aitii. Jirani ana haki juu yetu, na mvuvi wa Saadani ni jirani yetu kwa njia ya maji, ingawa hatujapata kuonana naye. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani, mto nao ni njia, na chupa ya plastiki inayotupwa Kilosa leo huweza kunasa kwenye mzizi wa mkoko kesho.

Tunaziomba madrasa na familia za Kilosa na Mikumi zianze na jambo dogo. Mwezi ujao uandamapo, watoto waandike kwenye kalenda siku za bamvua na za maji mafu. Wanaoweza kusafiri wapange safari kwa tarehe hizo. Wasioweza wapande miti kandokando ya Mkondoa, kila mtoto mti wake, na waitunze hadi ishike. Kazi hiyo bahari itaipokea bila hata mmoja wao kufika ufukweni, na malipo yake yapo kwa Allah, in shaa Allah.