Mkono Uliovimba Baada ya Saratani ya Titi: Soksi ya Kubana Sharti Ikutoshe

Asubuhi moja aliingia chumbani mwangu hapa Nyeri mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa majani chai kutoka upande wa Othaya. Alikuwa amejitanda leso begani ingawa jua lilikuwa limekwisha kuwaka. Alipoiondoa niliona mkono wake wa kushoto umevikwa soksi ya rangi ya ngozi kuanzia kifundo hadi kwapani, na sehemu ya juu imekunjwa mara mbili kama mdomo wa gunia. Kiganja kilikuwa kimefura na vidole vimejaa hata hakuweza kufumba ngumi.

“Daktari,” alisema, “kitu hiki kimenunuliwa kwa pesa nyingi, lakini kinanitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Nimekuja uniruhusu nikitupe.”

Mama huyo alikuwa ameondolewa titi kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani, kisha akachomwa kwa miale. Saratani haikuwa imerudi. Kilichobaki kumsumbua ni mkono huo, na soksi ambayo mwanawe alimnunulia kwa kukisia, akitumia saizi ya blauzi yake.

Nami sikosi lawama. Alipokuja kwangu mara ya kwanza, uvimbe ukiwa bado mdogo, nilimwandikia tembe za kukojoza maji. Hazikumsaidia, na hazingeweza kumsaidia. Ndiyo sababu leo nataka tuelezane, msomaji, uvimbe huu ni wa namna gani, na kwa nini nguo ya kuutuliza haichaguliwi kwa macho.

UVIMBE HUU NI WA NINI?

Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa mingine myembamba mno inayobeba majimaji yaitwayo limfu. Kazi yake ni kuchota maji na protini zinazobaki katika nyama na kuzirudisha kwenye damu, zikipitia kwanza kwenye tezi za kwapani, kinenani na shingoni. Fikiria mifereji ya shambani wakati wa masika. Ukiziba mfereji mmoja mkubwa, maji hayatapotea. Yatatuama.

Tezi za kwapani zikiondolewa au zikichomwa kwa miale, limfu ya mkono hukosa njia. Uvimbe unaotokea huitwa limfedema. Unaweza kuanza miezi michache baada ya upasuaji, au hata miaka mingi baadaye. Tathmini ya tafiti za nchi mbalimbali iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa saratani ya titi hupata uvimbe wa mkono. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeondolewa tezi nyingi za kwapani. Kwa kuwa saratani ya titi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Kenya, hesabu hiyo si ndogo.

Tembe za kukojoza hupunguza maji kutoka kwenye damu, lakini protini hubaki zimetuama mkononi na kuyavuta maji tena. Uvimbe ukiachwa, ngozi huwa nene na ngumu, na mkidudu mdogo tu wa mwiba huweza kuleta homa kali.

Wengine hudhani ni matende. Matende tunayoyajua kutoka pwani huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Katika nyanda za juu kuna uvimbe mwingine wa miguu, podokoniosi, unaowapata watu waliotembea miguu mitupu kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano. Unajulikana Ethiopia, Rwanda, Uganda, Kameruni na hapa Kenya pia. Uvimbe wa namna hiyo nao husaidiwa na usafi wa ngozi, viatu, bandeji na soksi za kubana. Kwa hiyo mengi ya yafuatayo yanamhusu pia mwenye mguu uliovimba.

SOKSI HUFANYA NINI?

Soksi ya kubana haiponyi limfedema. Inauzuia mkono usijae tena, na misuli inapokaza ndani yake, limfu husukumwa kuelekea begani. Ili ifanye hivyo, lazima ibane zaidi chini, kwenye kifundo, na ilegee kidogo kidogo inapopanda. Sasa unaona kosa la kuikunja juu. Kitambaa kikiwa tabaka mbili, mbano huongezeka mahali pale pale unapotakiwa uwe mdogo. Mkono hufungwa kama kwa kamba, na maji hurudi kwenye kiganja.

Soksi haiwekwi kwenye mkono uliojaa. Mkono ukiwa mkubwa sana, kwanza hufungwa bandeji maalumu zisizovutika sana, kila siku au karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili hadi nne, pamoja na mazoezi, utunzaji wa ngozi na ukandaji mwepesi wa kitaalamu. Uvimbe ukishapungua na kutulia, ndipo soksi hupimwa. Ukipima kabla, utanunua soksi ya mkono ambao hutakuwa nao mwezi ujao.

KUPIMWA BARABARA

Sweta ya shule hununuliwa kubwa ili mtoto akue ndani yake. Soksi ya kubana haina subira hiyo. Hupimwa kwa futi ya kitambaa, kama ile ya fundi wa nguo, na haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Upimwe asubuhi, kabla mkono haujajaa kwa kazi za mchana. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, na ukisafiri mkono ukining'inia utafika umevimba. Kama unafungwa bandeji, safiri nazo, zifunguliwe mbele ya anayepima.

2. Upimwe mzingo wa mkono mahali kadhaa: kifundo cha mkono, katikati ya kigasha, kiwiko, katikati ya sehemu ya juu, na karibu na kwapa. Upimwe pia urefu. Watu wawili wenye mkono mnene sawa wanaweza kutofautiana urefu, na hapo ndipo kukunja huanzia.

3. Mkono mzima pia upimwe mahali pale pale. Tofauti ya sentimita mbili au zaidi aghalabu huhesabiwa kuwa limfedema. Andika namba hizo katika daftari pamoja na tarehe. Ni ushahidi wako safari ijayo.

4. Kiganja kikiwa kimevimba, au kikianza kuvimba ukivaa soksi ya mkono peke yake, unahitaji na glavu ya kubana. Soksi inayoishia kwenye kifundo husukuma maji yakimbilie vidoleni.

5. Mkono wenye umbo lisilo la kawaida, wenye mikunjo au mnene sana juu na mwembamba chini, hautoshwi na soksi za dukani. Unahitaji iliyofumwa kwa vipimo vyake. Hizo huwa na mshono na kitambaa kigumu zaidi, kisichozama katika mikunjo ya ngozi.

MBANO NI WA KIASI GANI?

Nguvu ya soksi hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha. Kisha hupangwa kwa madaraja, na hapa wengi hudanganyika. Daraja la pili la Kijerumani ni milimita 23 hadi 32. Daraja la pili la Kiingereza ni 18 hadi 24. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama namba ya daraja pekee. Soma milimita zilizoandikwa, na umwachie aliyekupima aamue kiasi kinachokufaa.

Nawaonya hasa wanaookota soksi hizi katika mitumba pale soko la Karatina au kwingineko. Soksi iliyokwisha kuvaliwa imefuata umbo la mwenyewe, na nguvu yake imekwisha kupungua. Na ile ya safarini, ya kuvaa kwenye ndege, haikufumwa kwa ajili ya limfedema.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Ivae hapo hapo na utulie nayo. Iliyokutosha hukaa sawa bila mikunjo, hasa kwenye kiwiko. Hubana kwa uthabiti bila kuuma. Haitelezi kushuka, wala haikati ngozi kwenye ncha zake. Kunja na kunyoosha mkono mara kumi. Fumba na kufumbua ngumi.

Ivue mara moja ukiona vidole vimekuwa vya buluu au vyeupe, ukihisi ganzi au sindano, au maumivu yakizidi. Maneno ya “utaizoea” yasikubembeleze. Alama nyepesi za ufumaji juu ya ngozi si kitu, lakini mfereji mwekundu unaobaki kwa saa nyingi ni dalili kwamba haikufai.

KUIVAA NA KUITUNZA

Ivae asubuhi unapoamka, ngozi ikiwa kavu. Mafuta ya kujipaka yaache hadi usiku, kwani hufanya soksi ikwame na huharibu nyuzi zake. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, kisha usambaze kitambaa kidogo kidogo kwa viganja. Usiivute kwa kucha kutoka juu. Usiku wengi huivua, isipokuwa mtaalamu akishauri vingine.

Nunua mbili ukiweza, maana iliyochafuka kwa jasho hufuliwa kila siku. Hapa kwetu, Julai yenye ukungu, soksi moja haiwezi kukauka usiku mmoja. Ifue kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Isikamuliwe kwa kusokotwa, isipigwe pasi, wala isianikwe karibu na jiko. Izungushie taulo, uikande, kisha uianike kivulini. Ikivaliwa kila siku huchoka baada ya miezi mitatu hadi sita. Ukiona imekuwa rahisi kuvaa kuliko zamani, usifurahi haraka. Huenda si mkono uliopungua, bali ni soksi iliyolegea. Chukua futi upime.

NANI ASIIVAE BILA DAKTARI?

Mwenye moyo ulioshindwa kazi na bado haujatulizwa, mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia, wasijivalishe soksi za kubana kabla ya kuchunguzwa. Kwa mguu, hulinganishwa presha ya kifundo na ya mkono ili kujua kama damu inafika vizuri.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, nawe una homa, vua soksi na uende hospitali siku hiyo hiyo. Hayo ni maambukizi yanayohitaji dawa za kuua viini. Na uvimbe uliotulia ukizuka upya ghafla, au ukiota kinundu kwapani au shingoni, mrudie daktari wako wa saratani. Pengine ni damu iliyoganda, pengine ni saratani iliyorudi, na yote mawili yataka kuonwa mapema.

WAPI PA KUANZIA

Anza na idara ya fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako, iwe Nyeri, Kerugoya, Embu, Meru au Nanyuki, au hospitali za misheni kama Consolata Mathari, Tumutumu na Chogoria. Uliza swali moja waziwazi: nani hapa amefunzwa kufunga bandeji za limfedema na kupima soksi? Kama hayupo, waombe wakuelekeze aliko. Wauguzi wa Nyeri Hospice na Meru Hospice nao wamezoea kuwahudumia wenye saratani na wanaweza kukushauri. Tangu SHA ilipochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, uliza kabla ya kununua kama kuna chochote utakacholipiwa, na udai jibu la maandishi.

Wala usikubali kuambiwa kwamba mkono huo usifanye kazi tena maishani. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wanawake wenye limfedema walioinua vyuma, wakianza na vyepesi na kuongeza polepole huku wamevaa soksi, hawakuzidiwa na uvimbe. Kwa mkulima, hilo ni neno la matumaini. Vaa glavu dhidi ya miiba, pumzika, ongeza kazi kidogo kidogo.

Yule mama wa Othaya alifungwa bandeji kwa wiki tatu. Kisha alipimwa upya, asubuhi, akaletewa soksi ya urefu wake pamoja na glavu. Mkono haukurudi kuwa kama wa kulia, nami sikumwahidi hivyo. Lakini alipokuja mara ya mwisho leso ilikuwa kiunoni, si begani, na kabla hajaketi alininyoshea mkono akafumba ngumi nione. Ile soksi ya kwanza alikuwa amekwisha kuitupa. Safari hii nilimruhusu.