Watoto Wanaokataa Kucheka



Uonevu wa shuleni si makonde tu. Mara nyingi ni neno dogo linalosemwa njiani, katika ukungu wa asubuhi, mahali ambapo mwalimu hayupo. Na katika mkoa wetu neno hilo lina sumu yake ya pekee. Uchunguzi wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha ya kuwa asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe walikuwa na virusi vya UKIMWI. Ule wa 2022 hadi 2023 ulionyesha asilimia 12.7. Mara zote mbili tulipita mikoa yote ya Tanzania Bara. Si ajabu, basi, darasani kuwa na mtoto aliyezika mzazi, au anayemeza dawa tangu utoto wake.

Mtoto huyo huchekwa. Huitwa kwa jina la ugonjwa (na jina lenyewe, jamani, wenziwe wamelisikia kwetu sisi wakubwa, tukizungumza jioni). Kikombe chake hakiguswi, ingawa virusi haviambukizi kwa kikombe, wala kwa kuketi pamoja, wala kwa kucheza mpira. Na hasara yake si machozi tu. Dawa za kufubaza virusi hazina budi kumezwa kila siku. Mtoto wa bweni anayemeza kwa kujificha, siku moja ataacha kumeza, na virusi vitapata nguvu tena. Kwa hiyo kicheko kile chaweza kuua, sitii chumvi.

Nani awezaye kukizima? Mwalimu hufika mambo yamekwisha. Wenye nguvu hapa ni watoto walio karibu, maana mwonevu hutafuta watazamaji. Wakimnyima kicheko, mchezo wake hupoa kama uji uliosahauliwa nje mwezi wa Juni hapa kwetu. Mtoto mmoja akienda kuketi na yule aliyetengwa, wa pili huona si vigumu kumfuata. Hahitaji hotuba, wala ngumi, kwa kuwa ngumi huanzisha uonevu mwingine. Aseme tu, "Huyu ni mwenzetu," kisha waende pamoja kwa mwalimu.

Hapo ndipo sisi tunapopimwa. Mwalimu akijibu, "Acheni umbeya," amewafundisha wote kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kubaguliwa kwa ajili ya afya yake, na ile ya UKIMWI ya mwaka 2008 yakataza unyanyapaa. Mtoto aletaye habari kama hiyo ameleta shauri la haki. Asiposikilizwa, iko simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo.

Nanyi wazazi, jioni watoto wakiota moto, msiulize alama za hesabu peke yake. Ulizeni pia, "Leo nani aliketi peke yake?"