Usikubali Kuambiwa Ulinzi Haujagatuliwa

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wakazi kuhusu usalama wa mitaa, iwe Kisauni, Likoni au Changamwe hapa Mombasa, swali la kwanza huwa lile lile. Mtu husimama na kusema kwa adabu: "Mtaalamu, mwakilishi wadi anahusikaje na usalama? Si ulinzi haujagatuliwa?" Waliokaa karibu naye hutikisa vichwa kukubali. Baada ya hapo mkutano huishia kumlaumu OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ambaye hayupo, na watu huenda zao.

Nimelijibu swali hili kwa mdomo vya kutosha. Linawagharimu wananchi sana, kwa hiyo sasa nalijibu kwa maandishi, na vifungu vyake.

Nianze na nusu iliyo kweli. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linasema hivyo, na kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali uongozi huru wa huduma hiyo. Gavana hana ruhusa ya kumwamuru OCS amkamate fulani au amwache fulani. Hata waziri hana. Na naomba ibaki hivyo, kwa sababu kaunti ziko 47, na hakuna mwananchi anayehitaji vikosi 47 vinavyopokea amri kutoka kwa wanasiasa 47.

Makosa yanaanzia pale watu wanapodhani kwamba asiyeweza kuamuru hawezi pia kuhoji. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, au mjumbe wa kamati tendaji ya kaunti anayeteuliwa naye. Ndani yake mna wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, mna wakuu wa polisi, ujasusi na upelelezi wa kaunti, na mna raia wasiopungua sita wanaotoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, vijana, viongozi wa dini na watu wenye mahitaji maalum. Kazi zake zimeandikwa waziwazi: kupendekeza vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia mwelekeo wa uhalifu, kukuza polisi jamii, kusimamia bajeti ya polisi wa kaunti, kupokea ripoti za mabaraza ya polisi jamii, na kuhakikisha polisi wanawajibika kwa umma. Msomaji, isome orodha hiyo tena kisha uniambie ni wapi ilipoandikwa kwamba kaunti haihusiki.

Utaniambia mamlaka hiyo hujawahi kuisikia kwenu. Nakuamini. Kaunti nyingi zimekaa miaka mingi bila kuwa na mamlaka inayofanya kazi, huku serikali kuu na magavana wakivutana juu ya nani aketi kwenye kiti. Basi hilo ndilo swali la kumpelekea mwakilishi wadi. Muulize kwa nini chombo kilichowekwa na sheria ya 2011 hakikutani, na bunge lake limechukua hatua gani.

Watu wengi pia huichanganya mamlaka hii na Kamati ya Usalama ya Kaunti. Hiyo ya pili ni ya kamishna wa kaunti. Inashughulikia operesheni na taarifa za kijasusi, na haina sababu ya kukuita wewe wala mimi. Ukienda kubisha mlango wa kamishna na kuambiwa kikao ni cha siri, usirudi nyumbani ukidhani usalama wote ni siri. Umebisha mlango usio wako.

Halafu kuna kifungu cha 195 cha Katiba, ambacho sijui kwa nini hakisomwi. Bunge la kaunti, au kamati yake yoyote, linaweza kumwita mtu yeyote afike mbele yake kutoa ushahidi au maelezo, na katika kumlazimisha afike lina nguvu sawa na za Mahakama Kuu. Maneno ni "mtu yeyote". Kamati haiwezi kumwelekeza afisa jinsi ya kuendesha upelelezi, lakini inaweza kumuuliza mabaraza ya polisi jamii yalikutana lini mara ya mwisho na wananchi walilalamikia nini. Inaweza pia kumuuliza nini kilifanyika baadaye. Mwakilishi wadi anayekwambia mikono yake imefungwa hajasoma Katiba aliyoapa kuilinda.

Tena hata tukiwaweka polisi kando kabisa, sehemu kubwa ya kuzuia uhalifu ni kazi iliyotajwa kwa jina kuwa ya kaunti. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne inazipa kaunti taa za barabarani, masoko, leseni za vileo, udhibiti wa dawa za kulevya, vyuo vya ufundi vya vijiji, na uratibu wa ushiriki wa wananchi katika utawala.

Tembea uchochoro mmoja usiku uone maana yake. Nguzo ya taa imesimama lakini haiwaki, na nyaya zinaning'inia pale kifuniko kilipong'olewa. Hatua chache mbele kuna baa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu pombe iuzwe kwenye baa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Baa hii ina wateja tangu asubuhi, na leseni yake, iliyobandikwa nyuma ya kaunta, imetolewa na serikali ya kaunti. Kando yake ni kibanda ambacho vijana hukaa kutwa kwa sababu chuo cha ufundi kilicho karibu hakina mwalimu. Mama anayepita hapo saa kumi na moja alfajiri akielekea soko la Kongowea kununua mboga akivamiwa kwa panga, ripoti itaandikwa kituoni na lawama itakuwa ya polisi peke yao. Nguzo, leseni na chuo vyote vitatu viko kwenye bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Je, wakati wa kuipitisha, nani aliuliza swali moja la usalama?

Dawa nyingine ninayoletewa ni ya vijana wa doria: tuchange, tuwape tochi na rungu, walinde mtaa. Naipinga kabisa ikiwa hakuna anayewasimamia. Sungusungu wa Kisii walianza kama walinzi wa jamii na wengi waliwashangilia. Miaka ilipopita walituhumiwa kwa mauaji, na mwaka 2010 walikuwa miongoni mwa makundi 33 yaliyopigwa marufuku na serikali. Kundi linaloshika rungu bila orodha ya majina, bila hesabu za michango na bila kikao cha kuulizwa maswali litaelekea huko huko. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana uliopigiwa debe tangu 2013 na kuigwa kutoka Tanzania, hauna vurugu hizo, lakini una udhaifu wake: wazee wake huripoti juu kwa chifu na mara chache sana huripoti chini kwa wakazi.

Sasa ya kufanya. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakupa haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Liandike kuhusu taa, leseni za baa au Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ulikabidhi kwa karani, na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri. Taarifa za bajeti ya taa na idadi ya leseni ziombe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi uliyoiomba ina siku 21 za kujibu, na saa 48 iwapo jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Nenda kwenye mikutano ya bajeti ukiwa na jina la mtaa na idadi ya nguzo zisizowaka, usiende na kilio tu. Kituoni, uliza baraza la polisi jamii linakutana lini, na udai kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe kabla ya jambo jingine. Malalamiko dhidi ya afisa mmoja mmoja wa polisi yapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, bila malipo. Usiyapeleke kwa mwakilishi wadi, kwa sababu hiyo si kazi yake.

Na ukijibiwa tena kwamba ulinzi haujagatuliwa, mwombe anayekujibu akuandikie jibu hilo kwenye karatasi, atie saini, na ataje kifungu cha sheria anachokitegemea.