Tulitoka Didia kwa Baiskeli

Usukumani baiskeli ni mtumishi wa kila nyumba. Asubuhi hubeba madumu ya maji, mchana hupeleka mpunga mashineni, na usiku mgonjwa akizidiwa hukalishwa kwenye keria na kukimbizwa zahanati. Mjini Shinyanga, kabla pikipiki hazijaenea, ndiyo iliyokuwa teksi ya watu wengi. Lakini hebu jiulize, mama msomaji: baiskeli ya nyumbani kwako hupandwa na nani? Katika nyumba nyingi ni ya baba, na baba asipokuwepo ni ya kijana wa kiume. Mama huisukuma ikiwa na mzigo. Binti huiosha.

Swali hilo lilitufikia sisi wenyewe mwaka jana. Tu marafiki wawili, wote mama wa watoto, wakazi wa Didia, kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Tinde. Binti wa mmoja wetu alikuwa ameanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa iliyo mbali. Alitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi giza likiingia, amechoka hata chakula hakitaki. Tena vijana wa pikipiki walikuwa wamekwisha kulijua jina lake, wakimwita apande bure. Kila mama anajua safari ya bure ya namna hiyo hulipwa kwa nini.

Baba yake alisema pamba ikiuzwa atamnunulia baiskeli. Bibi yake akakataa katakata. Alisema msichana akizoea baiskeli kizazi huharibika, na kwamba magari ya barabara kuu yatamuua. Mama mtu akawa katikati. Ndipo tulipoamua kwamba kabla ya kusema ndiyo au hapana, tuipite njia hiyo wenyewe kwa baiskeli, tuendelee hadi Shinyanga mjini, kisha turudi.

KUJITAYARISHA

Sote tulijifunza baiskeli utotoni, lakini miaka mingi ilikuwa imepita. Tulifanya mazoezi jioni tatu mfululizo, watoto wakitucheka. Fundi alituwekea viti sawasawa. Kipimo chake ni rahisi: ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno magoti yatauma. Kikiwa juu mno utayumba. Kisha akakaza breki, akatia mnyororo mafuta na kujaza matairi upepo.

Tulivaa suruali ndani ya sketi, kwa maana khanga ikinaswa na mnyororo humwangusha mtu. Kikapuni tuliweka maji, matobolwa, pampu, spana, msasa, gundi na viraka. Watoto wadogo tuliwaacha kwa jirani. Barabara ya mabasi si mahali pa kubeba mtoto mgongoni.

NJIANI

Tuliondoka saa 1 asubuhi, mwezi wa Julai, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na majaruba yamekauka. Tulikwenda mmoja mbele na mwingine nyuma, upande wa kushoto. Basi la Mwanza lilipotupita kwa mara ya kwanza, upepo wake ulitusukuma hata usukani ukatikisika. Tangu hapo tuliwekeana sharti: gari likija nyuma na jingine mbele, tunashuka lami na kusimama. Hatukuona aibu kusimama mara nyingi.

Ukipita kwa basi huyaoni mengi ya nchi hii. Kwa baiskeli tuliziona ngitili, yale malisho yanayofungwa ili majani na miti ipumue. Zamani miti ya Shinyanga ilikatwa sana, ili kuwaangamiza mbung'o na kupata mashamba, hata mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowahimiza watu wairudie desturi hiyo ya wazee. Tulipumzika chini ya migunga, tukala matobolwa yetu.

Migunga hiyo hiyo ilitupa kazi. Mwiba ulitoboa gurudumu la nyuma, na fundi hapakuwa. Tulivua tairi, tukatoa tyubu na kuijaza upepo, kisha tukaisogeza karibu na shavu hadi tukahisi hewa inapotokea. Tukaisugua kwa msasa, tukapaka gundi, tukasubiri ikauke kidogo, ndipo tukabandika kiraka. Kabla ya kurudisha tyubu tulipapasa ndani ya tairi na kuung'oa mwiba, maana ukibaki utatoboa tena. Mzee mmoja aliyebeba madumu alisimama. "Mwangaluka!" alitusalimu, akitaka kusaidia. Alipokuta tumemaliza alicheka: "Wanangu, mmeninyima kazi."

Mjini tulifika kabla ya saa 5. Tulikunywa chai, tukanunua taa na kufuli, tukarudi na jua kali. Mapaja yaliuma siku mbili.

JIBU TULILOLETA NYUMBANI

Bibi hakukosea kuhusu magari. Lakini tuliona jambo ambalo nyumbani hakuna aliyelitaja: sehemu kubwa ya njia ya shule ina njia ya ng'ombe sambamba na lami, pana ya kutosha baiskeli mbili. Kwa hiyo jibu likawa ndiyo, kwa masharti: apite njia ya ng'ombe, aongozane na mwenzake, awe nyumbani kabla ya giza. Siku za mvua kubwa udongo mweusi hunata magurudumuni. Siku hizo atasindikizwa kwa miguu.

Kuhusu kizazi, tulimwuliza muuguzi kliniki. Alisema kupanda baiskeli hakumzuii msichana kuja kuzaa. Bibi alisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza kama keria itaweza kumbeba yeye siku ya kwenda kupima presha. Pamba ilipouzwa, baba alinunua baiskeli kuukuu iliyo imara.

NA BINTI YAKO?

Jambo hili si dogo katika mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Ni sheria njema, lakini haimsindikizi mtoto njiani.

Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa fedha za baiskeli wasichana waingiao sekondari. Watafiti walikuta kwamba walioandikishwa waliongezeka kwa karibu theluthi moja, hasa waliokaa mbali na shule.

Huna haja ya kungojea serikali. Kama baiskeli ipo nyumbani, zungumza na baba watoto mpange zamu, siku za shule iwe ya mwanafunzi. Mfundishe binti kuziba pancha, kama unavyomfundisha kusonga ugali. Na kabla ya kumruhusu au kumkataza, mchukue rafiki, ipiteni njia yake kutoka mlangoni hadi shuleni. Yako mambo mtakayoyaona ambayo mtoto hajawahi kuyasema.